Unaposema "Bushi za Prado", Unamaanisha Zipi?

Ukipita gereji za Mwanga hapa Kigoma mjini asubuhi, mara nyingi unakuta ubishi wa aina moja. Mzigo umeshuka kwenye basi la Dar es Salaam, mwenye gari amefungua boksi, fundi amejaribu bushi kwenye mkono wa gari, na bushi haiingii. Au inaingia kirahisi mno, inapwaya ndani ya tundu kama kidole kwenye pete ya mtu mwingine. Mwenye gari anaapa aliagiza bushi za Prado. Muuzaji kwenye simu naye anaapa alituma bushi za Prado. Wote wawili wanasema kweli, na gari liko juu ya stendi bila magurudumu.

Mimi yalinikuta. Bushi zilizokuja zilipwaya, pengo unaliona kwa macho, na kwa kuwa nilikuwa na safari nikakubali fundi azizungushie kipande cha bati ili zibane. Wiki ya tatu, natoka Kasulu, gari likaanza kugonga kila nikikanyaga breki na usukani ukawa unavuta kushoto. Tulipofungua, bushi ilikuwa imejisogeza nje kwa zaidi ya nusu sentimita, na tundu la mkono limeliwa mpaka limekuwa na umbo la yai. Hapo hapakuwa na habari ya bushi tena. Nilinunua mkono mzima. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiuliza, nikipima na kusoma, kwa sababu watu wengi wa huku wanapoteza fedha nyingi kwa kitu ambacho kingepimwa kwa dakika kumi kabla ya kuagizwa.

Kwanza tuelewane bushi ni nini

Magurudumu ya gari hayakufungwa moja kwa moja kwenye chesisi. Yameshikwa na mikono ya chuma inayopanda na kushuka kufuata mashimo ya barabara. Pale mkono unapokutana na chesisi, chuma hakiachwi kigusane na chuma, maana kingelia na kulika. Katikati yake kunawekwa bushi. Bushi ya kawaida ya mkono ina sehemu tatu: ganda la chuma la nje, kibomba cha chuma cha ndani ambamo bolti inapita, na mpira kati yake. Mpira huo umegandishwa kiwandani kwa joto hadi ukashikamana na vyuma vyote viwili.

Watu wengi, na mafundi wengine pia, wanaichukulia bushi kama bawaba ya mlango: kitu kinachozunguka, kwa hiyo kikilia kinatiwa mafuta. Sivyo. Ganda la nje limebanwa ndani ya mkono na halitakiwi kuzunguka. Kibomba cha ndani kimebanwa na bolti kwenye chesisi, nacho hakitakiwi kuzunguka. Kinachofanya kazi ni mpira. Chukua ndala, shika kisigino kwa mkono mmoja na ncha kwa mkono mwingine, ipinde kama unakamua nguo, halafu iachie. Inarudi yenyewe. Bushi inafanya hivyo mara maelfu kila safari: inajipinda kidogo na kurudi. Nitairudia ndala hii mbele, kwa sababu makosa mengi yanatokana na kutojua jambo hili moja.

Zipo bushi za namna nyingine. Ya stabilaiza, ile nondo inayozuia gari lisilale upande kwenye kona, ni mpira mtupu uliochanwa upande mmoja ili uvikwe kwenye nondo hiyo. Za shokapu ni ndogo, nyingi huja pamoja na shokapu yenyewe. Za springi za bapa, zile za kupangwa moja juu ya nyingine, mara nyingi ni vipande viwili vya mpira vinavyoingizwa kila upande wa jicho la springi. Nikisema bushi humu bila kufafanua, namaanisha ile ya mkono, kwa kuwa ndiyo inayosumbua zaidi na ndiyo inayoharibu vitu vingine ikikosewa.

Jina la gari halitoshi

Tuanze na Prado, kwa kuwa ndilo lililonifundisha. Mtu akikuambia "Prado la zamani" anaweza kuwa na gari lolote kati ya matatu yasiyofanana hata kidogo kwa chini. Lipo la miaka ya mwanzo ya tisini, kama lile la msimbo wa kiwandani KZJ78, ambalo mbele lina difu la kipande kimoja kutoka gurudumu hadi gurudumu. Lipo lililotoka mwaka 1996 hadi 2002, kama KZJ95, ambalo kila gurudumu la mbele lina mikono yake ya juu na ya chini na linapanda peke yake. Na lipo la kuanzia mwaka 2002, la familia ya 120, ambalo nalo siku hizi limeshaingia kwenye uzee. Bushi ya mbele ya KZJ78 na ya KZJ95 hazina undugu wowote. Lakini dukani yote ni "Prado".

RAV4 ni hivyo hivyo. Ile ya kwanza ya mwaka 1994 hadi 2000, SXA10 ya milango mitatu na SXA11 ya milango mitano, si ile ya ACA iliyofuata. Na kuna magari yenye majina tofauti yanayochangia vipuri vingi: Prado la KZJ95 na Hilux Surf ya KZN185 ni mtu na ndugu yake kwa upande wa mikono ya mbele. Kwa hiyo jina moja linaweza kuficha magari matatu, na majina mawili yanaweza kuwa gari karibu moja.

Mwaka nao unapotosha. Huku kwetu watu wanataja umri wa gari kwa pleti: namba B, namba C, namba D. Pleti inakueleza gari lilisajiliwa Tanzania lini. Haikuambii lilitoka kiwandani lini. Gari la mwaka 1997 lililoingia nchini mwaka 2008 lina pleti ya 2008 na bushi za 1997. Angalia kadi ya gari: mwaka wa kutengenezwa umeandikwa humo, pamoja na namba ya chesisi.

Namba ya chesisi ndiyo ya kumtumia muuzaji, na ina siri moja ambayo watu wa Kigoma hasa wanapaswa kuijua. Magari yaliyotumika Japani kisha yakaletwa kwetu yana namba fupi: msimbo wa gari, mstari, halafu tarakimu saba, kwa mfano KZJ95 na tarakimu zake. Lakini mkoa wetu una magari mengi ya njia nyingine. Tangu kambi ya Nyarugusu ifunguliwe mwaka 1996, mashirika yamekuwa yakileta Land Cruiser mpya kwa kazi za wakimbizi Kasulu na Kibondo, na zikichoka zinauzwa kwa mnada. Hizo hazikutengenezwa kwa ajili ya soko la Japani. Namba zao ni ndefu, herufi na tarakimu 17, na kwa Toyota zilizotengenezwa Japani zinaanza na JT. Gari la aina hii linaweza kuwa na springi nzito au mikono tofauti na lile linalofanana nalo kwa sura lililotoka mnada wa Japani. Ukimtajia muuzaji jina tu, atakupa ya Japani kwa sababu ndiyo anayouza kila siku.

Kwa Toyota, ipo pia namba ya kipuri, yenye tarakimu kumi zilizogawanywa tano kwa tano. Tano za kwanza zinataja kipuri ni cha wapi: 48655 ni bushi ya mkono wa chini wa mbele, 48815 ni bushi ya stabilaiza. Tano za mwisho zinataja kipuri kilibuniwa kwa gari gani kwanza, na mara nyingi mbili zake za mwanzo ndizo zinazolitaja: 60 ni ukoo wa Land Cruiser, 35 ni Hilux na Surf, 42 ni RAV4. Ndiyo maana usishtuke ukikuta namba ya ukoo wa Hilux kwenye bushi ya Prado, wanachangia. Ila ukikuta 42 kwenye boksi la bushi za Land Cruiser, uliza swali.

Kipimo si kimoja, ni vinne

Hapa ndipo penye ugonjwa wenyewe. Mtu anapiga picha ya bushi iliyochakaa, imelala kwenye kiganja, anaituma Kariakoo kwa simu na kuuliza, "Unayo hii?" Picha haina kipimo. Bushi ya milimita 45 na ya 48 zikipigwa picha kwenye viganja viwili ni pacha.

Kifaa cha kazi hii ni venia, ile rula ya chuma yenye taya mbili. Mafundi wa mashine za kuchonga wanazo, na za kawaida haziuzwi ghali. Rula ya shule na futi ya fundi cherehani havifai, maana tofauti tunayoitafuta ni sehemu za kumi za milimita.

Kipimo cha kwanza ni kipenyo cha ganda la nje. Pima ganda la chuma. Usipime mpira, kwa sababu mpira wa bushi iliyochoka umevimba au umekandamizwa. Halafu, na hili ndilo wengi wanaliruka, bushi ikishatoka pima na tundu lenyewe la mkono. Lisugue kwanza kutu itoke, kisha pima mara mbili, mara moja wima na mara moja mlalo. Vipimo viwili vikitofautiana, tundu limeshakuwa yai kwa nyundo za zamani, na hakuna bushi duniani itakayokaa humo vizuri. Tundu likiwa zima, ganda la bushi mpya linatakiwa liwe kubwa kuliko tundu kwa kiasi kidogo sana, sehemu chache za kumi za milimita. Hicho kidogo ndicho kinachoibana bushi. Hakuna gundi, hakuna skrubu. Ni mbano tu, kama mpini wa jembe ndani ya jicho lake. Mpini ukiingia kwa kidole, jembe litachomoka ukiwa shambani. Bushi ikiingia kwa kidole, itachomoka ukiwa barabarani.

Kipimo cha pili ni tundu la kibomba cha ndani, linalotakiwa kulingana na bolti. Bolti iteleze kwa mkono bila kutikisika pembeni. Wenye Land Rover za zamani wawe makini zaidi hapa, kwa kuwa nyingi zilijengwa kwa vipimo vya inchi. Bolti ya nusu inchi ni milimita 12.7. Ukiweka bolti ya milimita 12 kwenye kibomba chake inaingia bila ubishi, lakini imebaki nafasi ya milimita 0.7, na nafasi hiyo utaisikia ikigonga kabla hujavuka mji.

Kipimo cha tatu ni urefu wa kibomba cha ndani, kutoka ncha hadi ncha. Hiki hukisikii kikitajwa, na ndicho kinachovunja mabano ya chesisi. Ukikaza bolti, mabano mawili ya chesisi yanakibana kibomba kwa ncha zake. Kibomba kikiwa kifupi, mabano yanakunjwa yakikifuata, au bolti inaonekana imekaza kumbe kibomba kinazunguka. Kikiwa kirefu, mkono hauingii mahali pake na utamwona fundi akitafuta nyundo kubwa.

Cha nne ni urefu wa ganda la nje pamoja na ukingo wake, kama unao. Ukingo ndio unaoizuia bushi isipite upande wa pili, na unene wake unaamua mkono ukae katikati au uvutwe pembeni.

Andika namba hizo nne kwenye karatasi, iweke karatasi kando ya bushi, ndipo upige picha. Muuzaji mwaminifu atachukua venia yake na kukujibu kwa namba. Akikujibu "hiyo hiyo, usiwe na wasiwasi", mwombe apime. Nauli ya mzigo na siku za kusubiri, kwa umbali wa zaidi ya kilomita 1,000, ni za kwako.

Jambo moja zaidi: mkono mmoja wa chini huwa na bushi mbili, ya mbele na ya nyuma, na mara nyingi hazilingani. Usipime moja ukaagiza nne.

Kwa bushi ya stabilaiza mambo ni mepesi. Kinachopimwa ni unene wa nondo pale bushi inapokaa. Magari ya jina moja na mwaka mmoja yanaweza kuwa na nondo za unene tofauti kwa sababu ya injini au uzito. Bushi nyingi zimeandikwa kipimo kwenye mpira wenyewe. Ipanguse vumbi utaona namba. Ila bushi iliyolika inaweza kuwa si ya kiwandani, kwa hiyo ipime nondo, usiiamini bushi.

Yanayosemwa gereji

La bati nimeshalisema. Wengine badala ya bati wanachomelea vidonda viwili vitatu vya welding kwenye ganda. Joto la kuchomelea linauachanisha mpira na chuma, kwa hiyo bushi inakufa siku ile ile inapofungwa.

Lipo lingine la bushi za kuchonga, za tairi kuukuu au nailoni. Kwenye jicho la springi za bapa bushi ya tairi inaweza kusukuma siku, na simlaumu mtu wa Uvinza aliyekwama porini akaitumia kufika mjini. Kwenye mkono wa mbele ni hadithi nyingine. Kumbuka ndala. Nailoni haijipindi ikarudi, na tairi halikugandishwa na chuma chochote. Gari litatembea, lakini mshtuko wote ambao mpira ulitakiwa kuumeza unaenda kwenye mabano ya chesisi na kwenye boli jointi, kile kiungo cha duara kinachounganisha mkono na upande wa gurudumu.

Kuna zile bushi ngumu za plastiki za rangi nyekundu, njano au buluu, ambazo vijana wanaziita za kudumu. Hizo ni bidhaa halali na zina mahali pake. Zinafanya kazi kwa kuteleza, hazijipindi, kwa hiyo zinahitaji grisi maalumu ya silikoni, na kwenye vumbi letu jekundu zinahitaji kufunguliwa na kusafishwa. Zisiposafishwa zinalia. Gari pia linakuwa gumu. Mwenye Land Cruiser iliyonyanyuliwa juu kwa springi ndefu anaweza kuzihitaji, hasa zile zenye tundu lisilokaa katikati, ambazo zinarudisha pembe ya magurudumu iliyopotea kwa kunyanyua. Kwa gari la kupeleka watoto shule na kubeba madumu ya mawese kutoka kijijini, mimi naona mpira wa kawaida unafaa zaidi.

Na grisi? Mpira wa kawaida hauelewani na mafuta ya injini, dizeli wala grisi ya kawaida. Unavimba, unalainika, unaachia chuma. Anayekupulizia mafuta chini ya gari ili kelele ziishe anakupa ukimya wa wiki moja. Wakati wa kuvika bushi ya stabilaiza, maji ya sabuni yanatosha kuitelezesha.

Mkono wa mtumba wenye bushi zake wengi wanauona ni njia ya mkato: "wa Japani, haujaguswa." Mpira unazeeka hata ukiwa umelala stoo. Mkono uliotoka kwenye gari la umri sawa na lako una bushi za umri sawa na zako. Ununue kwa ajili ya chuma chake, tundu likiwa zima, na uhesabu kwamba bushi mpya bado utazinunua.

Kipimo sahihi, ufungaji mbovu

Inaniuma mtu akipata bushi sahihi kisha ikauawa siku ya kufungwa. Bushi inaingizwa kwa presi, na inasukumwa kwenye ganda la nje kwa kipande cha bomba chenye kipenyo sawa na ganda. Ukisukuma kibomba cha ndani au kuupiga mpira nyundo, umeshauchana kabla haujafanya kazi. Tena angalia kama mpira una matundu au nafasi wazi pembeni. Hazikuwekwa kwa urembo. Zinaamua upande gani bushi iwe laini na upande gani iwe ngumu, kwa hiyo kabla ya kutoa ya zamani piga alama kwenye mkono kuonyesha zilielekea wapi.

Kisha ndala inarudi. Gari likiwa juu ya stendi, magurudumu yananing'inia na mikono imelala chini kuliko kawaida. Fundi akikaza bolti za bushi katika hali hiyo, amekibana kibomba cha ndani wakati mkono uko chini. Gari likishushwa, mkono unapanda na mpira unajipinda, na unabaki umejipinda hata gari likiwa limeegeshwa usiku kucha. Kila shimo linauongezea mpindo juu ya mpindo. Bushi ya kukaa miaka inachanika kwa miezi, na lawama inaenda kwa muuzaji kwamba alileta feki. Bolti zinatakiwa zishikwe kidogo tu gari likiwa juu, gari lishushwe likalie magurudumu yake, lisukumwe mbele na nyuma mara mbili tatu, ndipo zikazwe kabisa. Ni kazi ya kuingia uvunguni gari likiwa chini, na mafundi hawaipendi. Kaa hapo hapo mpaka ifanyike.

Kwa magari kama KZJ95, bolti za mkono wa chini zina visahani vya kurekebishia pembe ya gurudumu. Kabla ya kuzilegeza, chora mstari wa rangi kwenye kisahani na kwenye bano lake, ili virudi karibu na pale vilipokuwa mpaka utakapofika kwenye mashine ya alaimenti. Usichelewe kufika. Tairi linaloliwa upande wa ndani halionekani mpaka uiname, na likishaonekana waya zake zimeshaanza kutokeza.